Nyasi za Pambo Nyumbani Zisizohamia Mikarafuuni



Mara nyingi katika kurasa hizi twazungumza habari za palizi, miche, kuchuma na kuanika. Leo twaomba ruhusa tuingie uwanjani, tuzungumze habari za pambo. Wanachama kadha wa kadha, na wengi wao ni akina mama, wametuuliza ni nyasi gani zafaa kupandwa mbele ya nyumba, au kando ya njia ya mlangoni, au kuzunguka kisima, zipendeze macho bila ya kuleta kazi. Swali hili si dogo kama lionekanavyo. Mtu wa mjini akipanda nyasi zenye tabia ya kutoroka, atagombana na jirani yake, basi. Sisi nyumba zetu zi ndani ya mashamba. Kutoka barazani mpaka mkarafuu wa kwanza aghalabu si zaidi ya hatua ishirini, na hatua ishirini kwa nyasi mbaya ni safari ya misimu michache tu ya mvua.

Kabla ya kwenda mbele, msomaji ajue ya kuwa twasema "nyasi" ingawa wengi wetu husema "majani", ili tusichanganye mmea wenyewe na majani yake. Ajue pia ya kuwa ukoo huu ni mkubwa. Mpunga ni nyasi, mtama ni nyasi, mua ni nyasi, hata mwanzi. Mtu asemaye hataki kabisa nyasi kwake, hebu atazame sahani yake ya wali.

Somo hili sisi tuandikao tumelilipia wenyewe. Miaka kadha iliyopita tuliona kando ya barabara nyasi nzuri mno, zimesimama wima kama mikuki, na juu zina mashuke meupe laini kama pamba. Upepo ukipita, zote huinama pamoja. Tuling'oa kifungu kimoja tukakipanda karibu na kisima. Mwaka wa kwanza kila mgeni alizisifu. Mwaka wa pili tukaona ncha kali zinatoka ardhini hatua tatu mbali na pale tulipopanda, tukafurahi, tukidhani mmea umependezwa na mahali. Mwaka wa tatu zilikuwa zimekwisha kuingia katika miche ya mikarafuu tuliyoipanda kuziba mapengo ya mikongwe iliyokufa. Tukapiga jembe. Baada ya mwezi mmoja zikaota nyingi kuliko kwanza, kwani jembe lilikuwa limezikata vipande vipande na kila kipande kikawa mmea. Kiangazi kilipoingia, zaidi ya nusu ya miche ile ilikauka, na ile iliyobaki ilidumaa.

Hapana haja ya kumweleza mwanachama maana ya hasara hiyo. Mkarafuu huchukua miaka sita hata minane kabla ya kutoa karafuu za kwanza, na miaka yake ya mwanzo ndiyo ya hatari. Mizizi yake mingi inayotafuta chakula i karibu na uso wa ardhi, mahali pale pale nyasi zinapokunywa. Mche uliozungukwa na nyasi wakati wa jua kali hunyang'anywa maji mdomoni. Tuliposhika tena mashimo yale kupanda miche mipya, tulikuwa tumerudi nyuma miaka mitatu.

Baadaye ndipo tulipofahamu ya kuwa nyasi zile ni zile ambazo wataalamu wa mimea huziita Imperata cylindrica, nazo zimehesabiwa miongoni mwa magugu mabaya kabisa ya nchi za joto. Tungalizichimba kwanza na kutazama chini yake, tungalijua.

Basi jambo la kwanza ni hilo la kutazama chini. Nyasi huhama kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni ya chini kwa chini. Chimba kifungu kizima kwa sepeto, kitikise udongo, kitazame. Ukiona mizizi tu, myembamba kama nyuzi, inayoshuka chini kutoka kitako kimoja, hizo ni nyasi za fungu. Hukua kwa kunenepa, kama mchaichai unenepavyo. Lakini ukiona vishina vyeupe vigumu, vina vifundo vifundo na ncha kali, vinakwenda ubavuni badala ya kushuka, zirudishe ulikozitoa. Kila kifundo katika kishina kile chaweza kutoa mmea. Vishina vya Imperata aghalabu hukaa ndani ya shibiri moja ya udongo wa juu, na katika mchanga hushuka zaidi. Ndiyo sababu moto hauziui. Moto hula majani ya juu, vishina vikasalimika chini, na baada ya kuungua ndipo nyasi hizo zinapotoa mashuke kwa wingi. Mtu anayechoma akidhani anasafisha, ajue ya kuwa anapanda.

Njia ya pili ni ya juu ya ardhi. Ukoka wetu huenda hivi, nao huenda chini kwa chini pia, kwa hivyo una miguu na mbawa. Katika uwanja wa mpira ukoka ni rafiki mkubwa. Katika kitalu cha miche ni adui. Ndago nayo tuitaje hapa, ingawa wataalamu hawaihesabu kuwa nyasi ya kweli. Hakuna mtu anayepanda ndago kwa pambo, lakini wengi huileta nyumbani ndani ya udongo wa kopo la ua walilolinunua. Ina vijiviazi vidogo vyeusi vilivyofungana kwa nyuzi, na ukivuta juu nyuzi hukatika, vijiviazi vikabaki. Kila kopo la mmea linaloingia nyumbani mwako, lipindue, litoe udongo wake wote juu ya gunia, utafute vijiviazi hivyo kabla ya kupanda. Kazi hiyo ni ya dakika tano. Kuondoa ndago katika kitalu ni kazi ya miaka.

Njia ya tatu ni mbegu, na hii ndiyo inayowadanganya watu zaidi, kwa sababu nyasi zenye mashuke mazuri ndizo zinazotafutwa kwa pambo, na shuke kazi yake ni mbegu. Nyasi zaweza kuwa za fungu, zikatulia kabisa chini, lakini upepo wa kaskazi ukachukua mbegu zake na kuzitawanya shamba zima. Kwa hivyo mtu asiridhike na kutazama mizizi peke yake.

Si sisi peke yetu tuliodanganywa na uzuri wa nyasi. Imperata hii tuliyoisimulia iliingia Marekani mwaka 1912 katika mji mdogo wa Grand Bay, jimbo la Alabama. Haikuletwa kwa kupandwa. Ilikuwa ni nyasi kavu zilizotiwa katika masanduku ya miche ya michungwa kutoka Japani ili miche isigongane njiani. Waliofungua masanduku walizitupa nje, zikaota. Leo zimeenea katika majimbo ya kusini mwa nchi hiyo, na serikali yao imeziweka katika orodha ya magugu yaliyopigwa marufuku. Hata hivyo iko aina yake yenye majani mekundu kama damu ambayo imeuzwa kwa miaka mingi kuwa pambo la bustani. Yasemekana kuwa ni pole, na kweli hukua polepole, lakini mara nyingine huacha wekundu wake ikarudi kuwa kijani, na ikisharudi hivyo hurejea na tabia zake zote. Mwanachama akiletewa na ndugu yake aliye ng'ambo nyasi nyekundu zenye majani yaliyosimama wima, na chini zina vishina vyenye ncha, ashukuru kwa salamu, na nyasi azikatae.

Na wenzetu wa visiwa vya Hawaii wamelipa zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 20 watu wa huko waliletewa kwa pambo nyasi moja yenye mashuke yaliyopinda kama mkia wa paka, ambayo asili yake ni Afrika na Bara Arabu. Wataalamu waliiita Pennisetum setaceum. Ilitoka bustanini ikapanda majabali ya volkano, mahali ambapo zamani moto haukuwa na cha kula. Nyasi nyingine za kutoka kwetu Afrika, zilizopelekwa huko kwa malisho, zikajaza mashamba makubwa ya miwa na mananasi yaliyoachwa. Tarehe 8 Agosti 2023 nyaya za umeme zilizokatika ziliangusha cheche katika nyasi kavu juu ya mji wa Lahaina, katika kisiwa cha Maui, siku ya upepo mkali. Shamba la mwisho la miwa la mji huo lilikuwa limefungwa mwaka 1999, na mashamba ya zamani yalikuwa yamejaa nyasi. Mji ukaungua, wakafa watu wapatao 100. Hatusemi ya kuwa pambo la mlangoni litachoma kijiji. Twasema ya kuwa shamba la mikarafuu lililoachwa bila ya palizi, likijaa nyasi ndefu kavu, ni kuni zilizosimama, na mkarafuu si mti unaostahimili moto.

Sasa tuje kwenye nyasi zinazofaa, maana aliyeuliza hakuuliza ili akatazwe tu.

Ya kwanza tuitajayo itawachekesha wengine, nayo ni mchaichai. Watu huuona kuwa kitu cha chai na cha mafua, hawautazami. Lakini fungu la mchaichai lililotunzwa, lenye urefu wa futi tatu hata nne, majani yake yakianguka pande zote kama maji ya chemchemi, ni pambo ambalo mtu wa Ulaya hutoa fedha nyingi kulipata na kulitia katika chungu ndani ya nyumba ya vioo. Sifa yake kubwa kwa somo letu ni kwamba ni nadra sana kutoa maua, na hauna vishina vya kutembea. Hauendi mahali ila umepelekwa kwa mkono. Ukipandwa pande zote mbili za njia ya mlangoni, kila shina futi mbili na nusu mbali na mwenzake, baada ya mwaka mmoja utapata ukingo mzuri, na mgeni akipita nguo yake huugusa na harufu hutoka. Wenzetu wa Pemba wajua pia ya kuwa mafuta ya mchaichai hukamuliwa kama yanavyokamuliwa mafuta ya makonyo, kwa hivyo pambo hili halikosi soko.

Kuupanda ni rahisi. Gawanya fungu kongwe, chukua mashina yenye mizizi, kata majani yabaki shibiri moja, panda mwanzo wa masika katika udongo usiotuama maji. Unapenda jua. Ukipandwa chini ya mwembe hurefuka ukalala. Kila baada ya miaka mitatu ung'oe fungu zima, uligawe, upande upya sehemu za ubavuni, kwani katikati huwa pamekufa. Wengine hulalamika ya kuwa mchaichai huficha nyoka. Fungu lisilosafishwa huficha kila kitu. Toa majani makavu ya chini mara mbili kwa mwaka, uyafukie katika shimo la mboji au uyatandike chini ya migomba, wala nyoka hatapata pa kulala.

Ya pili ni vetiva. Hii wengi hawaijui kwa jina, ingawa baadhi yao wameiona imepandwa kwa mistari kando ya barabara za mlimani. Ni nyasi ya fungu, imesimama wima, majani yake ni membamba na magumu, nayo hufika kimo cha mtu isipokatwa. Asili yake ni Bara Hindi, ambako watu husuka mizizi yake kuwa mapazia, wakayamwagia maji wakati wa joto, na upepo ukipita huleta ubaridi na harufu nzuri chumbani. Mafuta ya mizizi hiyo hutiwa katika manukato, na nchi ya Haiti ndiyo mashuhuri kwa kuyauza.

Kwa sisi wenye mashamba ya vilimani, na hasa Pemba ambako sehemu kubwa ya ardhi ni vilima na mabonde, vetiva ina kazi nyingine iliyo kubwa kuliko pambo. Mizizi yake haiendi ubavuni. Hushuka moja kwa moja, na katika udongo mzuri hufika futi kumi. Ukiipanda kwa mstari mmoja wa kukata mteremko, mashina yakiwa inchi nne hata sita mbali, baada ya misimu miwili hufungana yakawa ukuta. Maji ya mvua yakishuka hupungua mwendo, udongo hutua nyuma ya mstari, na polepole pale hujijenga ngazi. Huko Fiji, ambako nako ni visiwa vya vilima, ilitumiwa hivyo katika mashamba ya miwa tangu miaka ya 1950. Nyumba nyingi za wanachama zimejengwa juu ya mteremko, na kila masika uwanja hupungua. Mwenye nyumba ya namna hiyo akipanda mstari wa vetiva chini ya uwanja wake, atapata ukingo wa pambo na udongo wake utabaki. Aikate mara mbili kwa mwaka ibaki futi moja na nusu, na yale majani ayatandike chini ya miche.

Hapa pana neno la kuangaliwa. Vetiva ziko za namna mbili. Ile iliyolimwa kwa muda mrefu kusini mwa Bara Hindi haitoi mbegu zinazoota, nayo ndiyo iliyoenezwa duniani kwa kugawanywa mashina. Lakini iko ya mwituni ya upande wa kaskazini ambayo huota kwa mbegu. Usiinunue kwa mbegu, wala usiikubali kwa mtu usiyemjua. Nenda kwenye fungu kongwe, lililokaa mahali pamoja miaka mingi, uchungulie chini pande zote. Ikiwa hapana vitoto vilivyoota mbali nalo, hilo ndilo fungu la kuomba mashina.

Ya tatu ni ya wale wanaotaka rangi, na mashuke pia. Nyasi ile iliyowasumbua watu wa Hawaii ina jamaa yake yenye majani mekundu ya zambarau, na mashuke yake yamepinda vivyo hivyo, rangi ya waridi iliyofifia. Hufika kimo cha kifua. Hii haitoi mbegu zinazoota, au hutoa chache mno, kwa hivyo huzidishwa kwa kugawanya mashina tu, nayo ni ya fungu. Yafaa kupandwa matatu pamoja pembeni mwa baraza, mahali penye jua la kutosha, kwani kivulini wekundu hufifia. Wenye bustani za mahoteli ya pwani huipenda. Lakini rangi si ushahidi wa kutosha. Mwulize muuzaji ameipataje. Akikuletea mbegu katika bahasha akasema ni hizo nyekundu, mrudishie bahasha yake, maana nyekundu ya kweli haipandwi kwa mbegu. Na ile yenye majani ya kijani usiipokee hata ikitolewa bure.

Tumeulizwa pia juu ya yale manyoya makubwa meupe ambayo siku hizi hupambia kumbi za harusi. Hayo hutoka katika nyasi ya Amerika ya Kusini iitwayo Cortaderia, ambayo katika California, New Zealand na Afrika ya Kusini imekwisha kuwa tatizo, kwani shuke moja huzaa mbegu elfu nyingi nazo huruka mbali. Mashuke makavu harusi ikisha yachomwe jikoni, yasitupwe jaani. Mmea wenyewe hatuna haja nao.

Kwa uwanja wa kukaa na watoto kucheza, wengi hufikiria ukoka. Sisi twapenda zaidi ile nyasi ya majani mapana ya ufukweni, ambayo huko Mombasa na Nairobi wenye bustani huiita kwa jina la Pemba, na wataalamu huiita Stenotaphrum dimidiatum. Ni ya kwetu hapa pwani, haiogopi chumvi, na hustahimili kivuli kuliko ukoka. Hatumfichi msomaji ya kuwa hii hutembea. Lakini hutembea juu ya ardhi, machoni pako, na vishina vyake ni vinene. Ukiizungushia ukanda wa ardhi iliyofagiwa, upana wa futi mbili, na kila mwisho wa mwezi ukapita na panga kukata kila kishina kilichovuka, haitakushinda. Mtu ambaye ajua hatapita na panga, basi abaki na uwanja wa mchanga uliofagiwa kama walivyofanya mabibi zetu. Uwanja wa namna hiyo nao una uzuri wake, na siku ya kutandika majamvi ya karafuu hauna mfano.

Mua mwekundu nao ni pambo zuri nyuma ya bustani, ila wezi wake ni watoto wetu wenyewe. Na mwanzi ni mzuri ukiwa ni ule wa fungu. Ile mianzi ya nchi za baridi inayotembea chini kwa chini tusiilete kabisa.

Huenda mwanachama akaletewa nyasi asiyoijua, ambayo hatukuitaja hapa. Asiitupe, wala asiipande ardhini. Achukue debe kuukuu, alitoboe matundu madogo chini, alijaze udongo, aipande humo, na debe aliweke juu ya mawe katikati ya uwanja uliofagiwa, si pembeni penye majani. Aiache hapo masika moja na vuli moja. Kila wiki mbili achungulie chini ya debe kama vishina vinatafuta kutoka. Mashuke yakitokea, ayakate yanapoanza kukauka, kabla hayajapukutika, atie mbegu katika sahani yenye mchanga mbichi na kuifunika kwa kipande cha kioo. Zikiota ndani ya mwezi mmoja, jibu amelipata. Zisipoota asiharakishe kushangilia, kwani mbegu nyingine hulala kwanza miezi kadha. Atazame na uwanja wenyewe kuzunguka debe mpaka mwaka uishe, na kifungu kimoja akichimbe akitazame kama tulivyoeleza juu. Nyasi iliyotulia mwaka mzima ndani ya debe, bila ya kitoto hata kimoja nje yake, yaweza kuteremshwa ardhini.

Juu ya mahali pa kupanda tuna shauri moja. Nyasi ya pambo, hata iliyo njema, isipandwe chini ya tandio la matawi ya mkarafuu wala karibu na mche kwa futi kumi. Mkarafuu mkubwa utainyima jua, na mche mdogo utanyimwa maji. Na wakati wa kuchuma, chini ya mti panatakiwa pawe peupe, ili karafuu zinazoanguka zionekane na kuokotwa. Kila mwanachama ajua ni pishi ngapi hupotea katika majani mwaka ambao palizi imechelewa. Vilevile tusipande mashuke ya kupukutika upande upepo utokako kuelekea majamvi, kwani unyoya wa nyasi katika karafuu kavu ni taka, na taka hushusha daraja.

Ikiwa adui amekwisha kuingia, tusikimbilie jembe wala kibiriti. Sehemu ndogo ichimbwe kwa uma wa bustani, udongo uchekechwe kwa mkono, kila kishina kitolewe na kuanikwa juani juu ya bati mpaka kiwe kikavu cha kuvunjika, ndipo kichomwe jikoni. Kisitiwe katika shimo la mboji. Sehemu kubwa ikatwe kwa mundu chini kabisa kila mara ioteshapo, bila ya kuiacha ipumue, na hapo hapo ipandwe kitu cha kuifunika, kama kunde au marando ya viazi vitamu, maana Imperata haipendi kivuli. Kazi hiyo yataka misimu miwili au mitatu. Anayefikiria dawa ya kuulia magugu karibu na miche, kwanza amwone bwana shamba au bibi shamba wa wilaya yake, kwani dawa iuayo nyasi yote yaweza kuua na mche.

Mwanachama mwenye shaka na nyasi iliyo kwake, na alete kifungu kimoja chenye mizizi na shuke ofisini kwa chama. Akifunge kwanza ndani ya mfuko wa plastiki usio na tundu, wala asikikung'ute njiani.